Kicheko cha Maman Zawadi

Yaya Furaha, salamu kwako na kwa batoto huko Goma. Jua la Kamembe ni kali, lakini leo hasira yangu inalishinda.

Unajua tuko hapa kurekodi tamthilia ya televisheni juu ya wachekeshaji na mambo yao nyuma ya jukwaa. Leo tulihitaji ukumbi wa watu wanaocheka. Wakaleta bamaman wa sokoni, wakawaambia ni nusu saa tu. Mchekeshaji wetu akarudia mzaha ule ule, blague moja tu, tangu asubuhi hadi saa nane. Hakuna muntu aliyecheka. Muongozaji akawafokea: "Bamaman, mucheke! Hamujui kucheka?"

Ndipo mmoja wao, Maman Zawadi, akasimama, beseni lake la samaki wadogo wa sambaza miguuni, nzi wamekwisha kulijaa. Akamgeukia mchekeshaji: "Papa, blague yako na sambaza yangu, byote biko naoza!"

Yaya, ukumbi ulipasuka! Hata mimi niliyeshika mikro ya kunasa sauti nilicheka.

Basi wakamtoa nje, eti ameharibu kazi. Kisha muongozaji akaniamuru nimkatie kile kicheko cha ukumbi kwenye sauti niliyorekodi, akiweke baada ya mzaha wa mchekeshaji wake. Maneno ya Maman yafutwe. Nami, yaya, nikakata.

Nilipotoka nilimkuta barabarani akimwaga sambaza zake mtaroni. Hakuniangalia.

Ubusu batoto. Siku mutakapoiona tamthilia, ukumbi ukicheka, ubaambie ni nani aliyechekesha. Na kesho ukinunua sambaza, tafadhali, usiombe bei ipunguzwe.

Mdogo wako, Neema