Kitalu kilichopata wageni wake

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ihanda tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza ni lini kipande cha programu yenu ya kompyuta kitengwe kiwe mradi wa peke yake. Wakati wa Ujamaa nilikuwa namwagilia miche ya kahawa kwenye kitalu, kona tu ya shamba la kijiji. Asubuhi moja nilikuta wageni kutoka kijiji cha Isongole wamekaa kando ya matuta, wamebeba majani ya migomba ya kufungia miche. Shamba lenyewe hawakuliangalia. Mwenyekiti wa kijiji alininong'oneza, "Binti, kitalu hiki si cha shamba tena." Wengine waliogopa shamba litakosa maji, lakini tulikipa eneo lake na mfereji wake.

Leo vilima vya Isongole vimejaa kahawa ya miche ile.

Je, kipande chenu kimeshapata wageni wake?

Bibi yako