Neno la Baba Mkubwa Lilipokuwa Masikioni Mwangu Tu

Jumamosi, Mbinga. Ukungu haukuinuka leo. Kwenye korido ya hospitali watu walikaa wamejifunika makoti na vitenge hadi mchana, kana kwamba bado ni alfajiri.

Naandika sasa kwa kuwa yote yamekwisha salama. Nadhani ni salama.

Bibi yangu, mama mzaa baba, amelazwa kwa kidonda cha kisukari mguuni. Asubuhi daktari alisema mguu ukatwe leo leo, chini ya goti. Ukiachwa, sumu itapanda na tutampoteza. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hakubali kitu kabla ya kusikia neno la mwanawe wa kwanza, Baba Mkubwa, anayevua samaki huko Liuli, kando ya ziwa. Nyumbani kwake mtandao haushiki, mpaka mtu apande kilimani. Tukatuma ujumbe, tukangoja.

Mimi nasikia kwa shida tangu sekondari. Mwaka huu nimepata vifaa vya kusikia vinavyoungana na simu. Mtu akipiga, sauti yake inaingia moja kwa moja masikioni, nami naongea tu huku simu iko mfukoni. Niliiweka ijipokee yenyewe, maana ofisini mikono ya karani kama mimi haikosi mafaili. Shangazi, binti wa Bibi, huviita "redio zako".

Baba Mkubwa alipiga wakati mikono yangu yote miwili iko chini ya mgongo wa Bibi, mimi na Shangazi tumemwinua ili nesi abadilishe shuka. Nilisikia upepo wa kilimani, halafu sauti yake, karibu mno.

Alikuwa analia. Sijawahi kumsikia akilia.

"Wasimkate mama yangu," alisema. "Waambie hapana. Mtu hazikwi vipande vipande."

"Shikamoo, Baba Mkubwa," nilimwamkia.

Shangazi akanikodolea macho. "Baba Mkubwa yuko wapi hapa? Au redio imepata stesheni?"

"Amepiga. Yuko hewani."

Bibi akanigeuzia shingo, akaniita kwa utani wake wa bibi na mjukuu. "Anasemaje, mke mwenzangu?"

Wodi nzima, neno lile lilikuwa kwangu peke yangu. Mimi ninayesoma barua mara tatu kabla ya kuipeleka kwa mkuu wangu, safari hii sikurudia kufikiri hata mara moja.

"Amekubali," nilisema.

Masikioni upepo wa kilimani bado ulivuma. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye ananisikia.

"Nani amekubali?" akauliza Baba Mkubwa, taratibu.

"Weka laudi," Bibi akasema. "Nimsikie mwenyewe."

Kwetu habari nzito husikilizwa na wote. Hakuna anayeachiwa aibebe peke yake. Tulimlaza, nikatoa simu, nikabonyeza, nikampa Bibi. Sauti ikahama kutoka masikioni mwangu. Spika ya simu, katika wodi yenye watu, kwangu ni mvumo tu.

Kwa hiyo sikusikia lolote. Niliona midomo ya Bibi ikienda, ikisimama, ikienda tena. Niliona Shangazi akijiziba mdomo kwa kitenge. Kisha Bibi akanirudishia simu, akamwonyesha nesi kidole gumba chake, tayari kwa wino wa fomu ya ridhaa.

Alipopelekwa chumba cha upasuaji, nilimwuliza Shangazi walichosema. Akanigeuzia uso ili nione midomo.

"Mama kamwambia, 'Mguu huu nilikubeba nao hadi Kigonsera ukabatizwe. Nimeutumia, umechoka. Njoo uuzike wewe mwenyewe, mimi nitabaki na huu mwingine.'"

"Na yeye?"

"Alikataa. Akakataa tena. Halafu akauliza auzikie wapi."

Nilitaka kujua kama walinitaja. Sikuthubutu kuuliza.

Bibi alitoka alasiri. Macho nusu, lakini yu hai. Alininyooshea mkono, akagusa nyuma ya sikio langu, kifaa kikapiga mluzi. Akasema polepole, nione kila neno:

"Kidude hiki kinasikia unachotaka wewe."

Sijui kama alitabasamu au ni maumivu.

Nimeizima ile ya simu kujipokea yenyewe. Najua si dawa. Si kifaa kilichosema "amekubali".

Kinachonitisha zaidi ni hiki: Bibi asingesema "weka laudi", ningekata simu, ningemwacha aweke kidole kwa neno ambalo mwanawe hakulisema. Na nisingejuta leo. Labda baadaye sana.

Kesho Baba Mkubwa anapanda kutoka ziwani kuja kuuchukua mguu. Nitamwamkia, nitafuatana naye hadi shambani kwetu Mbuji, mguu utakakozikwa, na kabla hajashika jembe nitamwomba msamaha. Sijui nitaanzia wapi. Kama nisingeizima ile ya kujipokea, angeweza kunipigia hata leo, nami ningeweza kumjibu huku nimeinamia kazi zangu, bila kuinua mkono.

Hapana. Hili nitamwambia nikiwa mbele yake, nikiutazama mdomo wake.