Bima ya Vero na Jina la Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Fotokopi tena. Umeme umekatika kabla ya ukurasa wa mwisho. Nimengoja kwa mwenye mashine hadi saa za darasa zikanipita. Wanafunzi wangu wa la sita wamecheza mpira asubuhi nzima, direkta amenuna. Shauri yake. Vero hawezi tena kupanda kilima kutoka sokoni bila kukaa chini njiani. Daktari alisema wazi: moyo, mlango wake mmoja haufungi, upasuaji ni Lubumbashi. Kwa mshahara wa mwalimu ni ndoto. Ndiyo maana natafuta bima. Bila bima mke wangu atakufa. Nimeandika, basi.

Jumatano, 5 Machi

Binti wa ajensi ya bima ana adabu na kucha ndefu. Nimemweleza ugonjwa wote, sikuficha kitu. Akasema kwanza utambulisho, mengine ataona daktari wa kampuni. Cheti changu cha ndoa kinasema Kabwe. Kadi ya uchaguzi inasema Kalunga.

"Papa, hawa wawili njo nani?"

Ni mimi wote wawili. Hakucheka.

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo. Mjomba Kalunga alipofariki, matanga yalipokwisha, ukoo ulinikalisha kwenye mkeka, ukanifunga shanga nyeupe mkononi, ukanipa jina lake na nafasi yake. Tangu siku ile mimi ni Kalunga. Watoto wake wananiita baba. Mama mdogo Efrazia, dada yake, ananiita kaka, mimi niliyebebwa mgongoni mwake. Walipokuja kuandikisha kadi waliniuliza jina, nikasema Kalunga. Waliniuliza baba na mama, nikataja wazazi wa mjomba. Ningetaja wa nani? Anayerithi jina anarithi na wazazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda biro ya serikali kutafuta cheti cha kuzaliwa chenye jina la kadi. Karani amefungua kitabu, akapitisha kidole, akasimama. Kalunga, wazazi wale wale, kijiji kile kile upande wa Kirungu.

"Huyu muntu alishakufa, Papa."

Nami niko mbele yake natokwa jasho. Kifo cha mjomba nilikiandikisha mwenyewe. Saini yangu ipo pale chini. Kabwe. Nimetoka na hasira hadi nimesahau mwavuli, mvua imenipiga njia nzima.

Jumanne, 11 Machi

Vero sasa analala ameketi. Akijinyoosha anakosa pumzi. Miguu imejaa, ukibonyeza shimo linabaki. Amesonga ugali wa bukari akiwa kwenye kiti. Nimemwambia aache. Akasema akiacha atabaki kuniangalia mimi na makaratasi yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Mahakamani. Wanasema njia ni moja. Mkubwa wa ukoo aje atie kidole kwamba Kalunga alikufa, hakuna Kalunga mwingine, na huyu ni Kabwe tu. Hapo kadi itafutwa na nitapewa hati yenye jina la zamani. Wakubwa wa ukoo wamekwisha. Amebaki Mama mdogo Efrazia. Bibi mwembamba vile, na namwogopa kuliko mahakama.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepita mbele ya nyumba yake. Sikuingia. Mwoga mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Vero ndiye aliyemwambia. Alimtumia mtu jana, Mama mdogo akaja, wakafunga mlango wao wawili. Leo asubuhi nimemkuta uani kwangu amekwisha kuvaa, amefunga kitambaa kichwani. Hakunisalimu. Tumekwenda.

Karani alitaka kwanza aseme kwa mdomo. Akasema, "Kaka yangu Kalunga alikufa." Nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye. Kisha karani akamshika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, akakishusha kwenye karatasi. Mama mdogo hakukifuta. Njiani alitangulia mbele peke yake, akashika njia ya ziwani bila kugeuka. Nimejisikia kama mtu aliyeiba nyumbani kwao.

Jumanne, 25 Machi

Dosie imekamilika. Karatasi zote zinasema Kabwe. Binti amepiga muhuri. Nimefurahi kijinga, nimenunua soda mbili. Vero amekunywa nusu, akasema tamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Daktari wa kampuni. Aliusikiliza moyo wa Vero kidogo tu, akakunja kile chombo chake, akaanza kuandika bila kututazama. Vero alimshukuru.

Jumanne, 8 Aprili

Jibu limekuja. Kabwe amekubaliwa. Mke wake pia: malaria, meno, akivunjika mguu. Moyo hapana. Ugonjwa ulikuwepo kabla ya dosie, ndivyo walivyoandika. Nilimwambia binti siku ya kwanza. Akanijibu kwa upole kwamba naye aliniambia daktari ndiye ataona. Kweli aliniambia. Sina hata mtu wa kugombana naye.

Sina tumaini. Nimefundisha sehemu na desimali leo, watoto wamepata vizuri.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Vero hakwenda misa. Mama mdogo alitujia baada ya misa na sahani ya ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na tawi moja. Amenyoa kichwa, kama alivyonyoa siku za matanga ya mjomba. Alipiga hodi mlangoni.

"Kabwe, muko?"

Vero alijiinua kwenye mkeka. "Mama, ile mambo ya makaratasi imekwisha. Haikusaidia kitu. Umuite tu Kalunga."

Mama mdogo aliweka sahani chini. Alinijibu mimi, si Vero.

"Nilishaweka kidole, mwanangu."

Mwanangu. Miaka yote hii nilikuwa kaka yake.

Tumeketi watatu tukichambua ndagala. Mchanga ulikuwa mwingi. Vero alichoka mapema, nikamwekea mto wa pili mgongoni.