Kivuli Nilichokikata

Kabara, Visiwa vya Lau,
Fiji.
11 Februari 2019

Mpendwa Shangazi Vilisi,

Nisamehe kwa kuanza na hili, maana nikianza na salamu nitaishiwa ujasiri. Miche ya vesi ya Baba inakufa, na aliyeiua ni mimi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa nikusalimu. Hujambo huko Auckland? Mgongo wako unaendeleaje, na wale wazee unaowahudumia? Sisi ni wazima, ila mvua haijanyesha tangu kabla ya Krismasi. Tangi la kanisa linafunguliwa asubuhi tu, ndoo mbili kwa kila nyumba.

Unaukumbuka mti mkubwa wa vesi nyuma ya makaburi? Kimbunga cha mwaka jana kiliuangusha. Baba alichonga mabakuli ya kuchanganyia kinywaji cha kava kutoka kwenye shina lake, na mbegu zake za mwisho akazipanda palepale ulipoangukia. Ikaota miche thelathini na mmoja. Nilipomaliza shule alinikabidhi niitunze na kuipima kila mwezi. Alinikataza jambo moja tu: nisiiguse miti ya vau iliyojiotea katikati yake.

Tangu Novemba hadi Januari vesi ilirefuka kwa upana wa vidole viwili tu. Vau ilitoka kiunoni kwangu ikanipita kichwa. Mjomba Inoke aliponiuliza vipimo mbele ya watu baada ya ibada, niliona aibu kuvisema. Unaujua utani wake na Baba.

“Salanieta,” akasema, “nipimie na jeneza kabisa. Miti ya baba yako itafaa kuchongwa siku Yesu anarudi.”

Watu walicheka, na Baba naye akacheka. Tukiwa njiani kurudi aliniambia vau ina haraka kwa kuwa haijijengi, mbao zake ni laini, na kimbunga kikipita inakatika. Vesi inakula polepole na kuweka akiba ndani. Alisema kama haraka ingetosha, msitu mzima ungekuwa vau. Nilimsikia, Shangazi, lakini aibu ilikuwa bado inaniwasha.

Alipopanda meli kwenda Suva na mabakuli yake, nilichukua panga. Asubuhi moja nikaikata vau yote. Nilitaka vesi ipate jua, Baba akirudi aikute imerefuka na Mjomba Inoke anyamaze. Magome nikamletea Mama ayaloweke kwa ajili ya nyuzi. Alifurahi sana, akanisifu kwa kuwa siku hizi najituma. Hakuna aliyeuliza chochote, kwa sababu kila msichana hapa hukata vau.

Haikupita wiki, majani ya vesi yakaanza kujikunja. Unakijua kisiwa chetu cha mawe, udongo wake haujazi hata kiganja. Nimeifunika miche kwa makuti. Naimwagia maji ninayopaswa kuogea. Kila asubuhi nakwangua gome kwa ukucha nione kama ndani bado ni kijani. Leo imebaki minane, na miwili kati ya hiyo sina hakika nayo.

Jumamosi Baba alipiga simu. Nilimwambia tu kwamba miche inakauka.

“Usilie, mwanangu,” akasema. “Jua si kosa lako.”

Nilitaka kumwambia, badala yake nikamuuliza meli inakuja lini. Jana Mjomba Inoke alileta moja ya ndoo zake mbili, akaimimina kwenye miche bila kutania hata neno. Nilitamani anicheke.

Mama anakusalimu, na Bibi Torika anauliza utakuja lini. Mjomba Inoke anasema bado hujamlipa kwa ule utani wa harusini. Mungu akulinde huko ugenini na akupe usingizi mwema.

Visiki vya vau vimechipua, Shangazi. Sijavipa hata tone, navyo vimeshanifika magotini. Meli ya Baba inakuja mwishoni mwa mwezi, na kufikia wakati huo vitakuwa vimefunika kila mahali nilipopitisha panga, hataona kitu. Sijui kama naliomba hilo au naliogopa. Akikupigia simu, tafadhali usimwambie. Acha aendelee kulilaumu jua.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukukumbuka,
Salanieta