Makaburi Mawili Nyuma ya Nyumba ya Teshi

Wani, ndugu yangu,

Uliniambia jibu likitoka nikuletee wewe kwanza, kabla sijaandika neno lolote kwenye mtandao. Limetoka. Nimekaa nalo wiki tatu, na kila nikishika kalamu nanyanyuka kwenda kufagia kibanda changu cha gemu ambacho nimeshakifagia. Leo nimefunga mlango baada ya adhuhuri, wateja wagonge mpaka wachoke. Nakuandikia nikiwa nimekalia kile kiti chako chenye mguu mmoja mfupi. Hakuna mwingine anayekitaka.

Si jibu ulilolitaka. Nalisema mapema kwa sababu hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka.

Lakini wacha kwanza niipange hadithi kama ulivyokuwa ukiipanga wewe. Nikikosea unikatize, na hamu yangu yote leo ni hiyo, unikatize. Visima vya Ordan, gemu tano. Katika ile ya kwanza kijana Teshi anarudi kwao baada ya vita, anakuta kijiji kimeungua, na nyuma ya nyumba ya mama yake kuna makaburi mawili ya mawe, hayana jina. Ukiyasogelea na kubonyeza, hakuna kinachotokea. Kila aliyeicheza aliyapita tu akaendelea na safari. Wewe ulikuja hapa Arua siku ile ya kwanza umetoka kliniki, mkono wa kushoto bado una pamba ya sindano, ukaomba saa moja, na nusu ya hiyo saa ukaimaliza umemsimamisha Teshi mbele ya yale mawe. Nilidhani pedi ya kuchezea imekwama. Nikaja kuigongagonga, ukasema bila kunitazama, "Hii kaburi iko ya nani?"

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Hukuniuliza jina langu mpaka mwezi uliofuata, ulipokuja tena kuchukua dawa zako za selimundu. Ukaniita Ustaadh, kwa sababu uliona natoka kwenye familia ya Waislamu wa Koboko na hukuwahi kuniona nikienda kuswali. Jina hilo limekufa pamoja na wewe, sijalisikia tena.

Miaka sita tumebishana. Gemu ya pili ni ya Oru, ya tatu ni ya Hamel, na waliozitengeneza hawakusema popote ni mwaka gani wa Ordan. Sisi wengi tulizipanga kama zilivyotoka dukani, moja, mbili, tatu. Wewe ukasema hapana, Oru na Hamel walikuja kabla, walikuwa kaka zake Teshi, na ndio wamelala pale nyuma ya nyumba. Ulikuwa na ushahidi wako kwenye daftari. Kengele ya mji inalia vizuri kwenye gemu ya tatu, na kwenye ya kwanza imepasuka. Mti wa kisimani ni mche wakati wa Oru, na Teshi anaukuta ni mkubwa. Na yule mama mzee wa kivuko, anayesema mara moja tu halafu harudii tena, anamwita Teshi mtoto wa tatu. Kwenye jukwaa la mashabiki walisema maana yake ni mtu wa tatu kuvuka mto siku ile. Ulinitumia ujumbe wa sauti kutoka kambi ya wakimbizi ya Omugo, upepo unavuma kwenye turubai nyuma yako: "Mutu haiwezi kuitwa ya tatu kama ya kwanza na ya pili hakuna. Wewe Ustaadh, fikiri kidogo."

Sikufikiri. Mimi mtoto wa Koboko, nimekulia katikati ya Wakakwa, darasa letu lilikuwa na akina Wani watatu na mwalimu akiwaita kwa majina ya baba zao. Najua, kama mtu yeyote wa kule anavyojua, kwamba Wani ni mtoto wa kiume wa tatu, na kwenu ng'ambo ya mpaka mnapeana jina hilo kwa hesabu ile ile. Nimekuita Wani miaka sita, mchana kutwa, kwenye simu, nikiwa nimekasirika na nikiwa nacheka, na sikuwahi kukuuliza wa kwanza na wa pili wako wapi. Nilijua una mama pale kambini, nikaona inatosha.

Badala ya kuuliza, nilibisha. Unaikumbuka ile Jumamosi, kibanda kimejaa, wanasubiri zamu za mpira, na wewe unawaeleza mambo ya kengele na mti. Nikataka kuchekesha watu. Nikasema, "Hiyo iko mawe tu. Muchoraji alibaki na nafasi, akajaza." Walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Na wewe ulicheka. Ukaiweka pedi chini taratibu, ukasema boda anakusubiri. Siku tisa hukutuma ujumbe, nikadhani huna bando.

Halafu mvua zikaanza, maumivu yakakushika, wakakupeleka hospitali ya Kuluva. Nilikuja Alhamisi na machungwa. Hukuweza kuyala, ukaniambia niyamenye hivyo hivyo ili chumba kinuke machungwa. Gemu ya tano ilikuwa imetangazwa, na ilisemekana itakuja na historia yote ya Ordan, mwaka kwa mwaka. Ndipo uliposema lile la kukuletea jibu. "Ikitoka na mimi siko, wewe kuja niambie. Usiandike kwa intaneti kwanza." Nikakujibu kwamba unaongea upuuzi, tutaicheza pamoja. Jumatatu mama yako akanipigia.

Tulikuzika Omugo, kwenye kile kipande cha shamba mlichopewa na mwenyeji wenu. Nilikaa nyuma, kwenye viti vya plastiki, na wakati wenzako wanaimba mimi nilikuombea kwa namna yangu, na mpaka leo sijamuuliza sheikh kama inafaa. Katekista akasimama kueleza maisha yako. Akasema mama huyu alizaa Yosefu, akazaa Filipo, na wote wawili surua iliwachukua katika wiki moja, huko Yei ng'ambo ya mpaka, kabla Wani hajazaliwa. Akasema wamezikwa nyuma ya nyumba, na wakati wa kukimbia hapakuwa na nafasi ya kuweka hata msalaba. Watu wote pale walikuwa wanajua, walitikisa vichwa kama watu wanaosikia jambo la zamani. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijui. Nilitazama miguu yangu, nikasikia sauti yangu mwenyewe, hiyo iko mawe tu, na wale watu wakicheka.

Kumbe hukuwa unabahatisha. Ulikulia kwenye ile nyumba. Ulijua kinachokaa nyuma ya nyumba ya mama wa mtoto wa tatu.

Sasa jibu. Gemu ya tano imetoka, na historia ya Ordan imetoka nayo. Mpangilio ni ule ule wa dukani, moja, mbili, tatu, nne, tano, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyohesabu. Oru alizaliwa miaka mingi baada ya Teshi. Hamel ni wa ukoo mwingine kabisa. Kengele waliichora upya kwa sababu ile ya mwanzo haikuwapendeza. Na kuhusu makaburi, mtu mmoja aliuliza, kwa hiyo angalau kuna mwingine duniani aliyeyaona, na mmoja wa waliotengeneza akajibu kwamba uwanja wa nyuma ulionekana mtupu, mchoraji akaweka mawe kujaza nafasi. Maneno yangu, Wani. Karibu neno kwa neno. Ndani hamna mtu.

Kwenye jukwaa wameorodhesha nadharia zote zilizokufa, wakazipiga msalaba mwekundu. Yako ipo katikati, wameiita Mpangilio wa Makaburi, na chini yake watu wameweka vikatuni vya kucheka. Nimeshinda ubishi wa miaka sita na sina wa kumringia. Sijaandika chochote. Hiyo ahadi nimeitimiza, sijui kama inahesabika.

Na kuna jambo lingine, nalo ndilo lililonikalia kifuani.

Juzi nilikwenda kumwona mama yako. Nilimpelekea sukari na sabuni, nikamkuta anamenya muhogo. Halafu akauliza, kisu kinaendelea, "Ile muchezo yenu ilitoka?" Nikasema ilitoka. "Na ile kaburi mbili, iko ya nani?" Sikujua kama ulikuwa umemweleza. Hajawahi kushika pedi, lakini Teshi anamjua, Oru anamjua, Hamel anamjua, anawataja kama watoto wa jirani aliyehama. Na nikaelewa kwamba jioni zote zile ulipokuwa unamsimulia Ordan, mlikuwa mnazungumza juu ya Yosefu na Filipo, kwa sababu pengine hapakuwa na njia nyingine ya kuwataja mkaweza kulala.

Nikasema, "Iko ya kaka zake, mama."

Kisu kikasimama. Akatazama mbele kidogo, akasema, "Basi kuna mutu iliona." Kisha akachukua muhogo mwingine.

Nimemdanganya mama yako juu ya makaburi, na nitaendelea kumdanganya. Ndiyo maana ukweli nauleta kwako. Mtu mmoja alitakiwa auchukue, na wewe ulisema uwe wa kwanza. Nisamehe kwa huu uongo, na kwa ile Jumamosi. Nimeandika nisamehe mara mbili nikafuta, kwa sababu hakuna wa kujibu, na mimi ni mtu wa kutaka kujibiwa.

Nilipotoka kwake nilipita kwako. Ule msalaba wa mbao niliouandika kwa kalamu nyeusi, mvua imeufuta. Hata W haionekani. Mchwa wamekula mkono mmoja. Yamebaki mawe tuliyoyazungushia siku ile, na nyasi, basi. Nilisimama pale, nikajikuta nataka kubonyeza. Ingekuwa gemu, mtu angekupita.

Mwenye lile shamba ni mtu mwema, lakini mwanawe ameshalima mtama mpaka kwenye ukingo wa mawe. Na mama yako anasema huko Yei pakitulia wengine watarudi, lakini yeye hajui. "Wawili iko kule, moja iko hapa. Mimi nitakaa wapi?" Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza sufuria iwekwe wapi. Nami nilikuwa nimebeba majibu ya miaka elfu ya Ordan kwenye simu mfukoni, nikamsogezea tu muhogo uliobaki.

Hapa kibandani wanacheza mpira tu siku hizi. Gemu ya tano nimeicheza mpaka Teshi, ambaye sasa ni mzee, anaporudi kwao mara ya mwisho. Pale nimeiacha. Nyumba imechorwa upya, nzuri sana, uwanja wa nyuma wamepanda maua. Mawe hayapo.

Basi nakuaga, na ninakuahidi jambo moja, kwa kuwa zile kubwa siziwezi. Nimekata kipande cha bati na nina ile rangi ya mafuta ya bango la kibanda. Jumapili nakuja Omugo kukiweka juu yako. Nitaandika Yosefu, nitaandika Filipo, halafu Wani, kwa mpangilio huo, ili anayepita asiseme ni mawe tu. Sijidanganyi. Najua mvua ya huku, na yule kijana na mtama wake. Bati litaliwa na kutu. Nitaandika tena, na tena, na siku mimi nikishindwa simjui mwingine atakayeandika.

Uliwapanga sawasawa, ndugu yangu. Ulikosea nyumba tu.

Lala, Wani.

Mimi Bakri, Ustaadh wako