Malisho ya Wifi

Nyumbani, nyuma ya zahanati
9 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini, na mgongo umepoa? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo haujambo.

Leo nataka nikusimulie habari za mkeo. Ulipoagiza tuwauze ng'ombe wote wanne, kwa kuwa malisho yamechakaa na trekta la kulima upya hatulimudu, wifi hakubishana. Alichukua shuka kuukuu akaenda kwenye uzio wa zahanati, ambako mifugo haifiki, akalitandika chini ya majani yaliyokomaa na kuyakung'uta mbegu. Wiki tatu mfululizo. Wauguzi wakambandika jina, Mama Shuka.

Nakiri nilimcheka. Nilimwambia kumwaga mbegu pasipolimwa ni kulisha ndege.

"Na wale tu," akasema. "Hawatazimaliza."

Kwanza aliwaachia ng'ombe wayale majani ya zamani mpaka karibu na udongo, ili mbegu zipate pa kushika. Mvua ilipokaribia, tukamwaga. Mbegu zenyewe nyepesi mno, kwa hiyo yeye alizichanganya na mchanga mkavu, mkono upate kutupa sawasawa. Mimi mjuaji nikaona mchanga ni kujichosha, nikazimwaga zangu hivyo hivyo. Upande wangu leo una vichaka hapa na upara pale, na watoto wako wananionyesha kila siku.

Kisha akawaswaga ng'ombe huku na huku wazikanyagie mbegu ardhini, akawafungia zizini. Miezi miwili aliwakatia majani kando ya barabara, akayabeba kichwani, ili machipukizi yasiguswe. Alikonda, kaka. Sasa majani yananifika magotini, na mimi najivunia wifi yangu kuliko ninavyothubutu kumwambia.

Dalali uliyemtuma alifika juzi. Alizunguka malishoni, akainama, akayapekua majani mpaka chini. Alipoinuka hakuulizia ng'ombe tena, aliomba mbegu. Wifi akamfungia kidogo kwenye karatasi.

Alipoondoka, wifi akaniambia, "Mwandikie kakako kwamba hawajauzwa." Halafu akageukia ukutani akalia.

Basi nimekuandikia. Lililobaki ni lako. Mwandikie yeye mwenyewe, na usianze na habari za ng'ombe.

Mama, shangazi na wanao wanakusalimu. Mungu akulinde na akulainishe moyo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokugombeza.