Ile Mvua ya Sabini na Sita

Baba Rukia,

Huku Brussels mvua inanyesha tangu asubuhi, na mwenzio niko dirishani kwenye fleti ya Rukia, Berchem, sina wa kumchokoza. Mwanao yuko kazini. Jirani nikimsalimia ananijibu kwa kichwa tu. Ungekuwepo ungeshaanza: "Hii nayo mvua, Mama Rukia? Mvua ni ile yetu ya Cardiff."

Ile yenu! Mwaka wa sabini na sita, Uingereza nzima imekauka. Unakumbuka nyasi za bustanini zilivyogeuka rangi ya mkeka mkuukuu? Maji wanayafunga jioni, wanayafungua asubuhi, na watu wanahimizwa waoge wawili wawili kuyaokoa. Ulinisomea habari hiyo gazetini kwa sauti, ukanitazama kwa jicho lako lile, nikakurushia kitambaa cha vyombo. Nami nina mimba ya Rukia, miguu imevimba, wewe ndiye uliyekuwa ukinijazia ndoo kabla hujaenda bandarini.

Halafu Ijumaa ile. Nyinyi mabaharia mkatoka msikitini mkaenda uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, makoti mmeyageuza ndani nje kama inavyotakiwa. Ukarudi na koti lako vivyo hivyo mtaani, bitana nje, mifuko inaning'inia. Yule bibi wa ng'ambo ya barabara akakukimbilia: koti umelivaa vibaya, mwanangu. Ukamjibu, "Nimelivaa hivi kwa ajili yako, bibi." Aliingia ndani akafunga mlango! Nilicheka hadi nikaogopa nitazaa palepale.

Mwezi haukwisha, ikamwagika. Ukasimama nje bila mwavuli, unamwonyesha bibi wa watu kifua chako: hiyo kazi yangu, hiyo kazi yangu. Tangu siku hiyo mpaka nakuzika ulikuwa unasema mvua ile mliileta nyinyi, na mimi nakujibu ilikuwa ya Mungu, wewe ulichangia koti tu. Tuliigombania miaka yote, tukila, tukisafiri, hata hospitali.

Mwezi uliopita nilimsimulia Rukia mezani. Akaweka kijiko chini. "Mama, please. Uingereza ikose maji? Unachanganya na Mombasa."

Nikamwambia sichanganyi. Basi akaanza kunichunguza. Mara ananiuliza leo siku gani, mara anaingia chumbani kuongea na simu kwa sauti ya chini. Niliogopa, mume wangu. Tulikuwa wawili tunaoijua habari ile, na mmoja yuko kaburini. Nitajuaje kama sikujitungia?

Akanipeleka kwa daktari wa watu wanaosahau. Mbelgiji, mzee, kichwa cheupe pee. Akanichoresha saa, akanitajisha wanyama. Mwisho Rukia akamweleza kwa Kifaransa ile hadithi yangu ya ukame, kama anayemshitaki mtoto. Daktari akacheka. Sabini na sita? Mbona hata huku! Baba yake aliuza ng'ombe kwa kukosa malisho. Rukia alinitafsiria huku kainamisha macho, na kwenye tramu akanishika mkono mpaka tunashuka. Akili yangu nzima, alhamdulillahi.

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi siku hiyo moja.

Juzi tulikuwa tunakula, mvua kama hii ya leo, nikasema kwa makusudi kabisa, "Ile mvua ya Cardiff aliileta baba yako." Mimi huyo, ninayasema maneno yako! Nilitaka aniambie wacha upuuzi, Mama, mvua ni ya Mungu. Anicheke. Anibishie kidogo tu.

Rukia akanipapasa bega. "Ndiyo, Mama," akasema, akaniongezea wali.

Sikuweza kuumaliza.

Mungu akulaze pema, mpenzi wangu mbishi. Hapa kila mtu ananikubalia.

Mkeo,
Mama Rukia